Masale ya Mchezo

Jumatano moja, masika yalipokuwa yanaishia, nilikwenda Tengeru siku ya soko kutafuta ndizi mshare. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Kwa Mrombo, na ndizi zinauzwa hapohapo mbele ya kibanda. Lakini kuna siku mtu anataka ndizi za kwao.

Kando ya barabara, kabla hujafika sokoni, vijana wamepanga miche kwenye mifuko myeusi ya plastiki. Kuna maparachichi, miti ya mbao, mawaridi. Mwishoni kabisa mwa safu, yamemwagiliwa vizuri na majani yamepanguswa vumbi, nikayaona masale. Nikasimama.

"Karibu mama," kijana mmoja akasema. "Hayo ni maua ya geti. Unapanda mawili huku, mawili kule, geti linapendeza."

"Yanaitwaje?"

"Maua ya geti, mama."

"Nauliza jina lake."

Akamtazama mwenzake. Mwenzake, bila kuinua kichwa kutoka kwenye simu, akasema, "Mwambie yanatoka nje."

Sikucheka wala sikuwasahihisha. Niliwaaga, nikaendelea na safari yangu ya ndizi, lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshapanda wenyewe, umeshika sikio.

Kama wewe ni mtu wa milimani huku, isale unalijua. Kama si wa huku, nitakueleza polepole, maana bila hilo hutanielewa. Isale ni mmea wa majani marefu membamba, shina lake kama kidole gumba. Halina ua la maana, halina tunda, na ng'ombe hata akiwa na njaa hulipita. Ila halifi. Kata kipande, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, kisahau. Mvua ikinyesha utakikuta kimeshika. Kwetu lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa mpaka: palipokuwa na mstari wa masale, hapo ndipo shamba la mtu lilipoishia. Ya pili ilikuwa kuomba radhi. Mtu aliyekosa alichuma jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Aliyeletewa isale hakuweza kumfukuza aliyelileta. Hata kama moyo unawaka, alilazimika kuketi amsikilize.

Bibi yangu alikuwa akisema, "Isale halisemi uongo."

Ni kweli. Isipokuwa mara moja, na aliyelifundisha uongo ni mimi.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, kwenye kihamba chake juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Kihamba ndilo shamba la nyumbani: nyumba katikati, migomba imeizunguka, kahawa chini ya migomba, magimbi pale penye unyevu, na ng'ombe bandani. Nyumba ya jirani hukuweza kuiona kwa wingi wa migomba, lakini ukikaa kimya ulimsikia akikohoa, na ulijua kama amelala vizuri.

Asubuhi za Julai zilikuwa za baridi ya kuuma vidole. Ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na kutoka ndani ya ukungu huo zilikuja sauti mbili. Moja ilikuwa ya hondohondo, wale ndege wakubwa wenye mdomo kama mzigo, wakipiga makelele kama watoto wanaogombania kitu. Nyingine ilikuwa ya mfereji. Mfereji wetu ulichimbwa na watu ambao hata bibi hakuwaona. Ulitoa maji mtoni huko juu msituni, ukayateremsha kihamba kwa kihamba, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kufungulia. Bibi alikuwa na uwezo wa kukaa jikoni akichochea moto, akainua kichwa na kusema, "Huyo wa juu amefungua kabla ya zamu." Alikuwa amesikia maji yamepungua sauti. Hatukuwahi kumkuta amekosea.

Siku ya kusafisha mfereji kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake. Asiyekuja alileta mbege, pombe yetu ya ndizi, na aliyekosa vyote viwili aliimbwa mpaka akatamani kuhama.

Kazi zangu zilikuwa za mtoto wa kike wa siku zile. Kabla ya shule nilikata mabingobingo ya ng'ombe na kumkatia vipande vya shina la mgomba. Kisha nilichota maji mfereji, maana kila mtoto alitakiwa kwenda shule na kidumu cha maji ya kunyunyiza sakafu ya darasa. Mwalimu wetu alikuwa akisema, "Vumbi likilala, akili inaamka." Msimu wa kahawa tulizungusha mashine ya kumenya mpaka mikono ikafa ganzi, na harufu ya kahawa iliyolowekwa, kali kidogo, kama tunda lililoanza kuchacha, ilikaa kwenye nguo zetu mpaka Krismasi. Jioni ilikuwa loshoro: mahindi yaliyochemshwa yakalainika, yakapondwa na ndizi, kisha bibi akamimina mtindi kutoka kwenye kibuyu. Ulikuwa na ladha ya moshi ule mtindi. Nimejaribu kuupika ule moshi mjini. Hauji.

Chini ya kihamba chetu palikuwa na kihamba cha babu jirani. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo, na alivaa koti la suti hata akikamua ng'ombe. Yeye na bibi walisalimiana kila asubuhi kwa kutukanana, kila mmoja upande wake wa mpaka.

"Mama wa juu! Bado hujafa?"

"Nife nani atakukaripia?"

"Basi leo uishi. Kesho tutaona."

Sasa nisikilize vizuri jinsi ardhi ilivyokaa, si ngumu. Juu ni kwetu. Katikati umepita mstari wa masale, huo ndio mpaka. Chini ya mpaka, hatua kama kumi na tano ukishuka, ulipita mfereji. Kwa hiyo ule ukanda kati ya mpaka na mfereji ulikuwa wa babu jirani. Palikuwa mahali pazuri kuliko pote. Palikuwa na mringaringa mkubwa uliopukutisha maua meupe juu ya maji, na hondohondo walikuja kula matunda yake. Wanawake waliotoka kukata majani walitua mizigo yao pale, wakanawa nyuso, wakasema mambo ambayo sisi watoto tulijifanya hatusikii.

Nilikuwa darasa la pili. Masika yale ng'ombe wa babu jirani alikata kamba, akapita mbio kwenye mpaka, akavunja masale mengi. Kesho yake babu jirani na bibi walikwenda kuyapanda upya, pamoja. Mpaka haukutengenezwa na mtu mmoja hata siku moja. Ilikuwa lazima wawe wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake anachomeka. Walipomaliza walikwenda kunywa chai kwetu, wakaacha lundo la vipande vilivyobaki.

Mimi nililiona lundo lile nikaona boma. Nilikuwa na mjukuu wa babu jirani, kitoto cha miaka mitatu hivi, nilichopewa nikichunge. Nikabeba vile vipande mara tatu, mara nne, nikavishusha kando ya mfereji ambako udongo ni laini kama ugali, nikaanza kuvichomeka kimoja kimoja. Nilikuwa najenga ua wa nyumba yangu. Yule mdogo nilimfanya mwanangu, nikamkalisha chini ya mringaringa nikamlisha maandazi ya matope. Alikula mawili kabla sijamzuia. Mstari wangu ulifuata mfereji mpaka vipande vikaisha. Kisha tuliitwa kula, na nikasahau.

Isale halikusahau. Baada ya majuma machache yote yalikuwa yameshika, yamesimama wima kama wanafunzi mstarini.

Aliyeyaona kwanza ni babu jirani. Tulisikia anaita, "Mama wa juu! Njoo uone! Mjukuu wako amenipora shamba!"

Bibi alishuka mbio, mimi nyuma yake. Alipoona, alishika isale la kwanza alivute. Babu jirani akamshika mkono.

"Isale lililoshika haling'olewi."

"Hili ni la mtoto. Ni la mchezo."

"Isale linajua mchezo?"

Wakasimama wakitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona hawana la kutukanana. Kung'oa isale la mpaka lilikuwa jambo zito, watu waliliogopa kama kula kiapo cha uongo. Na mpaka wa uongo nao haukufaa kuachwa. Mwisho babu jirani akacheka, akapangusa mikono kwenye koti.

"Acha yakae. Mimi najua, wewe unajua. Na huyu atajua."

Akanishika sikio la kushoto. Hakuvuta kwa hasira, lakini alivuta. Akanipandisha hivyo hivyo mpaka kwenye mstari wa juu. "Huu ni wa kweli." Akanishusha mpaka mfereji. "Huu ni wa mchezo." Akanipandisha tena, akanishusha tena, na kila tukifika ananiuliza, nami najibu huku nalia. Wakubwa wake nao walimfanya hivyo alipokuwa mdogo, alisema, kwenye mipaka yote ya baba yake, na mpaka siku ile alikuwa anaikumbuka yote.

Jioni bibi alinichomea ndizi mbivu kwenye majivu ya moto. "Sikio ni la kukumbuka," akasema. "Ndizi ni ya kunyamaza."

Hakuna aliyeandika chochote. Nani angeandika, na kwa ajili ya nani? Babu jirani alimruhusu bibi akate majani kwenye ule ukanda, baadaye akamruhusu apande migomba michache, maana wanawe walikuwa mjini na yeye amechoka. Aliyekuja mgeni aliona masale ya mfereji akadhani pale ndipo mpaka. Haikuwa na shida. Wenyewe walijua.

Kisha babu jirani akafa. Bibi alikaa wiki nzima akitoka asubuhi na kusimama mahali pake pa kumtukania. Mwaka haukuisha, naye akamfuata.

Nilimaliza darasa la saba, nikajifunza cherehani, nikaolewa mjini. Sasa napanga Sokon One. Kaka yangu, ambaye utotoni aliishi na baba huko Babati, ndiye aliyerudi kukikalia kihamba. Na nimsifu kwa haki: amekitunza. Wengine waling'oa kahawa wakakata viwanja, yeye hakung'oa. Ule ukanda wa mfereji aliukuta una migomba ya bibi, akaongeza yake. Masale ya mfereji aliyakuta yana mapengo, akayajazia. Hakuiba. Aliamini.

Mji ulikuwa unapanda. Kila nikienda kumsalimia nilikuta ukuta mpya wa matofali mahali palipokuwa na migomba, geti jeusi mahali palipokuwa na njia. Njia zetu za kukatiza ziliziba moja baada ya nyingine, mpaka kwenda kwa mtu uliyemsikia akikohoa ukalazimika kuzunguka kwa barabara. Mfereji ulikufa vipande vipande. Huyu alijenga juu yake, yule akautupia kifusi.

Mwaka juzi wazee waliobaki waliitisha mkutano wa kitongoji. Wakakubaliana vihamba vilivyobaki vipimwe, mfereji na miti yake ichorwe kwenye ramani, na mwenye kihamba anayetaka atie sahihi kwamba kando ya mfereji hatajenga wala hatamuuzia mwingine apajenge. Halikuwa jambo kubwa la serikali. Lilikuwa jambo la watu waliochoka kuona. Kaka alisimama mkutanoni akasema yeye atakuwa wa kwanza kutia sahihi, maana kipande kirefu kuliko vyote cha mfereji ulio hai kilikuwa kwake. Watu wakampigia makofi.

Kwake! Nilipoambiwa hivyo kwa simu, sikio langu lilipata moto.

Siku ya kupima nilifika asubuhi na mapema. Nilimkuta kaka bandani anakamua. Nikamwambia yote, lundo la vipande, maandazi ya matope, sikio. Aliendelea kukamua. Maziwa yalikuwa yanalia kwenye ndoo, cho, cho, kisha yakanyamaza.

"Bibi alikata majani pale, na mimi nakata miaka yote, leo ndiyo unaniambia?"

"Bibi alikuwa na ruhusa ya babu jirani."

"Basi na mimi ninayo."

"Aliyeitoa amekufa, kaka."

Akasimama, ndoo mkononi. "Yule mjukuu wake ana mnunuzi. Wewe hujui? Anataka kuweka fremu za maduka. Ukisema, pale patakuwa na fremu. Ukinyamaza, patakuwa na migomba na mfereji na ule mti. Hata huyo babu yake angekuwepo angekuambia unyamaze."

Kwa kweli nilishuka kule chini nikiwa nimekubali kunyamaza. Nilijiambia kwamba kutosema si kusema uongo.

Walikuwepo mwenyekiti wa kitongoji, mpima ardhi, na mjukuu wa babu jirani. Huyu mjukuu ndiye kile kitoto changu cha matope. Sasa ni mtu mzima mwenye kitambi na mvi kidogo, anaishi mjini, na alifika na kreti ya soda za kuwapa watu wote. Mpima alikuwa kijana aliyesimamisha mashine yake yenye miguu mitatu kati ya migomba.

"Wazee wangu," akasema, "naona masale juu, naona masale chini. Mpaka ni upi? Mashine hii haijui Kimeru."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Nimezaliwa hapa, sijaona shamba lenye mipaka miwili. Hili limeoa wake wawili."

Kaka akaonyesha chini, kwenye mfereji. "Huu."

Mpima akamgeukia mjukuu. "Na wewe mzee, unakubali?"

Yule mjukuu angeweza kubisha. Badala yake alinitazama mimi, akatabasamu. "Mimi nilikuwa bado nafutwa kamasi. Dada ndiye aliyevutwa sikio na babu, hadithi hiyo babu alinisimulia mpaka anakufa, ila hakuwahi kuniambia ni kwa ajili ya nini. Dada alikuwa mama yangu hapa hapa, alinilisha matope. Atakachosema dada, mimi nimekubali."

Ningependa kukuambia kwamba nilisema palepale. Sikusema. Nilitazama mringaringa. Ulikuwa umetoa maua, na machache yalikuwa yanaelea kwenye maji yakipita mbele ya viatu vya mpima. Nilisikiliza mfereji. Nilijua kabisa ninachokiua. Lakini kama angebisha, labda ningenyamaza. Aliniamini, na hapo ndipo nilipobanwa. Bibi na babu jirani waliuacha mpaka wa uongo ukasimama miaka yote ile kwa kuwa walimwamini mtoto mmoja kwamba akiulizwa atasema.

"Wa kweli ni ule wa juu," nikasema. "Huu wa chini niliupanda mimi. Ulikuwa mchezo."

Mpima akaninyooshea kidole. "Wa juu, mama?"

"Wa juu."

Kaka aliweka chini chupa yake ya soda, bado imejaa, akapanda nyumbani. Hakugeuka.

Walipokwisha kupima nikachuma jani kwenye masale yangu ya mfereji, nikalifunga fundo, nikampa mjukuu kwa mikono miwili.

"Hili ni la nini tena, dada?"

"La kukupora shamba."

Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Umeshasamehewa kabla sijamaliza kuota meno." Lakini alilipokea kwa mikono miwili naye, na akaketi kwenye mzizi wa mringaringa, kama inavyotakiwa. Hapo ndipo nikamwomba. Nikamwambia auze pengine, ule ukanda auache, atie sahihi yeye badala ya kaka. Nikamwambia habari ya babu yake na koti lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Dada," akasema, "isale ni la msamaha. Shamba ni jambo jingine. Mama yangu anaumwa, wewe unajua. Na wanangu hawatakuja kuishi huku. Hawajui hata kushika panga."

"Na maji?"

"Maji hayatazibwa. Hilo nakuahidi. Yatapita kwenye bomba."

Alitimiza ahadi yake. Simlaumu. Sijawahi kumlaumu.

Nimekwenda tena mara mbili. Fremu zipo sita, zina milango ya bluu. Moja ni ya kinyozi, moja ya chipsi, moja wanauza vocha na kutuma fedha, tatu bado zimefungwa. Mringaringa ulipasuliwa mbao. Hondohondo wanapita juu asubuhi, wanapiga makelele yao, hawatui. Maji yapo, yanapita chini ya sakafu kwenye bomba la plastiki, yanatokea ng'ambo, na walio chini bado wananyweshea mboga. Kwa hiyo mtu akikuambia mfereji umekufa, si kweli. Haufi mtu asipouziba. Ila hauna sauti. Ukisimama pale unasikia redio ya kinyozi. Bibi angekaa jikoni leo asingejua nani amefungua kabla ya zamu.

Masale yangu ya mchezo yaling'olewa na greda. Dereva hakuogopa, hakuwa wa huku. Niliyakuta yamelala kifudifudi na mizizi yake hewani, nikaokota matatu, nikayaleta Sokon One, nikayapanda kwenye ndoo ya rangi mbele ya chumba changu. Yalikaa juani siku nzima kabla hayajapata udongo. Yote matatu yameshika. Mpangaji mwenzangu huniuliza, "Mama, ua lako mbona halichanui?" Namwambia hilo si kazi yake.

Kaka hakunisemesha kuanzia masika hadi kahawa ikaiva. Kisha siku moja akapiga simu. Hakuuliza hali. Alisema mwenye fremu alitaka kujenga ukuta nyuma, akaanza kuchimba msingi hatua mbili juu ya mpaka, ndani ya migomba yetu. Kaka akamwita mwenyekiti. Yule mtu akasema masale si ushahidi, mtu yeyote anaweza kupanda masale. Mwenyekiti akamjibu, "Mpaka huu ulisemwa na mwenye kupoteza, mbele ya watu. Rudi nyuma." Akarudi. Kihamba kilichobaki, nyumba na kahawa na migomba ya juu, kimechorwa, na kaka ametia sahihi hakitakatwa viwanja maisha yake yote. Majirani watatu wa juu yetu nao wametia. Kwao mfereji bado uko wazi.

"Basi, nilitaka tu ujue," kaka akasema. Akakata simu. Wiki iliyofuata kijana wa bodaboda alinishushia mkungu wa mshare kibandani. Haukuwa na ujumbe.

Bado sijui kama nilifanya vema. Ukweli wangu uliukata ule mti. Nikilala mchana Jumapili, usingizi ukiwa mwepesi, nausikia mfereji, kisha naamka nakuta ni mtu anafungulia bomba uani. Nakaa kitandani kidogo kabla ya kuvaa viatu.

Waliojua wawili wamekufa. Yule aliyekula matope hakumbuki mahali alipoketi. Jiwe la zege la mpima linajua mpaka, lakini halijui kwamba chini yake palikuwa na ukanda uliokuwa wa mtu mmoja ukatumiwa na wote, wala kwamba wazee wawili waliwahi kuacha kosa la mtoto likue kwa kuwa kila mmoja alikuwa na hakika na mwenzake. Mimi ndiye wa mwisho niliyevutwa sikio pale, na sikio lenyewe limeanza kusikia kwa shida.

Ndiyo sababu nimekukalisha muda wote huu. Wa kweli ni ule wa juu. Wa chini ulikuwa wa mchezo, na mbele yake maji yalipita mchana kutwa yakipiga kelele, yamebeba maua meupe. Sasa mimi najua, na wewe unajua.

Pole kwa sikio.